Nipe Mji, Kikundi cha Kumi

Hakuna mtu katika mkoa mzima wa Tabora anayeota ndoto zenye akili kama zangu. Basi, tuseme katika mtaa huu. Tuseme katika nyumba hii, na hapo nimemtoa mjukuu wangu Milembe, ambaye halali kwa sababu ya masomo, na nimemtoa paka, maana yule akiota hutikisa masharubu kwa namna inayonitia wivu. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililisoma mara mbili, kwa kuwa mwalimu alinipenda hakutaka niondoke. Haya, hakunipenda. Tuendelee.

Ni saa nane mchana, tumekula, nami nimejinyoosha kwenye mkeka sebuleni, najifanya nasinzia ili nisiambiwe niwapishe. Kikundi kimekaa mezani. Ni watatu tu: Milembe wangu, Tusajigwe, binti mpole wa Kinyakyusa anayeandika kila kinachosemwa, hata mtu akikohoa anaandika, na Luhende, kijana mrefu mwenye sauti ya kutangaza treni, ambaye mimi namwita mume wangu naye ananiita mke mkubwa, na ndoa yetu haina ugomvi. Chuo cha ualimu kimewapa kazi. Kila kikundi kichague mwanasaikolojia mmoja wa zamani, yaani mtaalamu wa akili za watu ambaye mwenyewe sasa ni marehemu, wamchunguze, halafu wasimame mbele ya darasa wamweleze. Vikundi viwili haviruhusiwi kuchukua marehemu mmoja. Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa mkufunzi, anayewahi anaandika, na ikifika saa kumi karatasi inabanduliwa. Vikundi tisa vimeshaandika. Wamebaki marehemu wawili na kikundi cha kumi, ndio hawa wangu. Wa kwanza ni mzee wa Ulaya mwenye jina refu kama treni ya mizigo, na kitabu chake maktaba hakipo, ila Luhende anasema alikisoma chote kwa mjomba wake Mwanza, tena mara mbili, kwa hiyo atawasimulia, atasimama yeye, wao waandikwe majina tu. Wa pili ni mama mmoja mwenye jina fupi. Kitabu chake kipo maktaba, kinene kama tofali, na hakuna kati yao aliyewahi kukifungua.

Kwa wengine hili ni jambo dogo. Kwa Milembe si dogo. Somo hili ameshalifeli mara moja, na akilifeli tena anadisko, ndivyo wanavyosema wenyewe, na usidhani kuna muziki: maana yake anafunga godoro lake kwa kamba na ualimu umekwisha. Na huyo mkufunzi wao ana tabia moja. Kikundi kikimaliza kueleza, anamnyooshea kidole yeyote anayemtaka, hasa aliyejificha nyuma ya mwenzake, anamwuliza swali. Milembe anasema kwa sauti ndogo kwamba juu ya yule mama hajui kitu chochote. Luhende anajibu, ndiyo maana tusimchukue. Milembe anazungusha kalamu mezani. Mimi nina kipande cha tobolwa mdomoni, kile kiazi kitamu kilichochemshwa kikaanikwa mpaka kikawa kama ngozi ya kiatu, na kwa mtu mwenye meno manne tobolwa moja ni kazi ya mchana mzima, kwa hiyo natafuna, nasikiliza, natafuna, na sauti ya kutafuna inaanza kusikika kama miguu juu ya kokoto, na miguu ni miwili, halafu ni minne, halafu natazama chini naona miguu miwili ni yangu na imevaa viatu vya shule.

Ninatembea. Barabara ni nyeupe, haina mwanzo nikigeuka wala mwisho nikitazama mbele, na kando yake kuna jiwe moja limeandikwa kumi kwa chaki. Milembe yuko pembeni yangu amebeba kalamu kubwa kama mwiko. Luhende na Tusajigwe hawapo, ndoto yangu ni ndogo, haibebi watu wengi. Nimevaa sketi ya bluu ya shule na magoti hayaumi, hayaumi kabisa, naruka mara moja kuyajaribu, naruka tena kwa starehe, na Milembe ananiambia, Bibi, tutachelewa, karatasi inabanduliwa saa kumi. Namwuliza tunakwenda wapi. Anasema kuchagua marehemu. Basi twende, nasema, tangu lini mimi nikaachwa kwenye kuchagua wanaume. Tunatembea, tunatembea, na barabara inatembea nasi, na mbele yetu anasimama mtu aliyevaa koti la vumbi la chaki, amekumbatia daftari la mahudhurio, na juu ya kola yake, pale ambapo mimi na wewe tunaweka uso, hana kitu. Pamelainika tu kama tako la sahani. Hana macho lakini anatutazama. Hana mdomo lakini anasema, Kitendawili. Nami mdomo wangu unajibu kabla yangu, Tega. Anasema, Nyumba yangu haina mlango, wageni wanaingia kila siku na hakuna anayetoka.

Sasa mimi kwa vitendawili si mtu wa kuchezewa. Nasema, ni kaburi. Yule asiye na uso hasemi ndiyo wala hapana, ila barabara inateleza kinyumenyume chini yetu kama mkeka unaovutwa, na jiwe lililoandikwa kumi linatupita upya. Nasema, ni tumbo. Barabara inavutwa, jiwe linapita. Nasema, ni ofisi ya kata. Jiwe linapita kwa kasi, nadhani limekasirika. Milembe ananishika mkono na kusema, Bibi, hujui. Namwambia ninajua, jibu liko hapa kwenye ncha ya ulimi limekwama kwenye tobolwa. Anasema, hujui, na mimi sijui. Na hilo neno sijui linamtoka kwa shida, nalisikia linavyokwaruza, ni neno lililomfelisha mwaka jana, alisimama mbele ya darasa zima akalitafuta lingine la kusema akalikosa, akaketi. Lakini yule asiye na uso ananyoosha mkono na kusema, Nipe mji.

Mnajua mchezo wenyewe. Ukishindwa kitendawili unampa mtegaji mji, anautembelea anavyotaka, anakula na kunywa huko kwa jina lako, ndipo anakupa jibu. Mimi tangu utoto ni bahili wa miji. Nilipokuwa msichana nilikuwa natoa Sikonge peke yake kila siku, mpaka wenzangu wakalalamika kwamba Sikonge wameichoka. Nataka kumwambia huyu bwana asubiri, nafikiri, lakini Milembe ameshasema, chukua Nzega. Na Nzega inakuja. Siongopi, naiona inakuja barabarani imekunjwa kama kanga ya sanduku, inajikunjua pande zote mbili, nyumba, maduka, mashine ya kusaga, tumesimama katikati yake na hatujapiga hatua. Jibu ni kichwa, anasema yule bwana. Nasema huo ni uongo, kichwa changu wageni wanatoka kila siku na hawaagi. Lakini yeye ameshafungua daftari anaandika mahudhurio ya Nzega.

Kuta zote za Nzega hii ni vioo. Watu wa mji wanatembea ndani ya vioo, barabarani hakuna mtu, nami najiona kwenye kila ukuta, na kila mimi ana umri wake, huyu ana miaka tisa, yule ana hamsini na amebeba kuni, mmoja ananikonyeza na mimi simjui. Kwenye baraza za nyumba wamekaa marehemu. Kila mmoja kwenye kigoda chake, kitabu mapajani, wanatuita jinsi wauza nyanya wanavyoita sokoni. Njooni hapa, anasema mzee mmoja mwenye vijiko shingoni, mimi nilipima machozi ya wajane kwa kijiko cha chai, na mjane wa kweli hafikishi vijiko vitatu. Milembe macho yanamtoka kwa furaha, anamkimbilia, lakini mlangoni pameandikwa chaki, kikundi cha kwanza. Njooni kwangu, anasema mwingine, mimi nilipima kicheko cha watoto kwa kibaba, nikagundua watoto wa mwisho kuzaliwa wanajaza haraka. Kikundi cha nne. Wa tatu alichunguza usahaulifu, na amekaa kwenye baraza la jirani kwa kusahau la kwake, kwa hiyo vikundi viwili vimemwandika na sasa wanavutana naye, huyu mkono huu, yule mkono ule, na yeye anawauliza kwa adabu nani kafariki. Milembe anacheka, anakimbia, anasoma milango, anauliza hili na lile, na mimi namkimbilia kwa magoti yangu mapya, na mlango kwa mlango ni chaki, chaki, chaki. Nzega imejaa. Barabara inatukuta tena na yule asiye na uso amesimama pale pale, na nyuma yake jua la huko linashuka na kupanda kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda.

Kitendawili, anasema. Tega, tunasema wawili. Nina kondoo mmoja, nikimtafuta hayupo, nikiacha kumtafuta nakuta amelala kitandani kwangu. Nasema, mume. Barabara inavutwa, jiwe linapita. Nasema, basi si wangu, wa jirani. Jiwe linapita na safari hii linanigonga kisigino. Milembe hangoji nimalize. Anasema, sijui, chukua Urambo, na Urambo inajikunjua kwa kishindo na harufu ya tumbaku, na jibu ni usingizi, na milango ya Urambo imejaa chaki, na tunatoka mbio. Kitendawili. Sijui, chukua Igunga. Kitendawili. Sijui, chukua hata Sikonge ya Bibi. Mjukuu wangu anagawa miji kama njugu kwenye harusi, na kila akisema sijui sauti yake inapanda, haikwaruzi tena, sasa anaisema kwa kupiga makofi, na miji inakuja mikubwa zaidi, inakuja yenye vioo vya rangi, yenye marehemu wanaopunga vitabu kutoka madirishani, na majibu yanakuja nayo, kivuli, deni la salamu, jina la mtu, mengine matamu mpaka nataka kuyafunga kwenye pindo la kanga, lakini nimevaa sketi. Nami ninaona sasa jinsi barabara hii inavyokwenda. Mwenye kujibu asichokijua anarudi kwenye jiwe. Mwenye kusema hajui anaendelea. Naiona vizuri, naielewa kabisa, na hainisaidii kitu, maana mdomo wangu umezoea.

Mji wa mwisho ni Kaliua, na Kaliua haina vioo. Ni nyumba moja ya udongo, na barazani amekaa mama wa Kizungu mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi, anamenya karanga. Mlango wake ni msafi. Chaki haijaugusa tangu mti wake ulipokatwa. Milembe anasimama mbali kidogo, anatweta, anaogopa hata kusogea asije akaona namba. Mama anasema, mimi ni Otilia Grumbaki, miaka mia moja nangoja kikundi na karanga zimekaribia kwisha. Milembe anamwamkia, anapiga goti, anamwuliza alichunguza nini. Anasema, nilizunguka nchi nzima nikiwauliza watu juu ya mito isiyokuwepo, wafalme wasiozaliwa, matunda yasiyoota popote. Nikihesabu wangapi wanasema naujua, namjua, nimelila. Hakuna mji nilikopata chini ya nusu. Na waliosoma zaidi ndio waliokuwa wamekula matunda mengi. Anatupa ganda la karanga. Nitakubali kuandikwa na kikundi chenu, anasema, mkinijibu kitu kimoja. Nani kati yenu anaujua mto Kisanzule?

Na mimi, Mungu anisamehe, nimemsikiliza neno kwa neno, nimetikisa kichwa, nimewacheka hao watu wa matunda, na mdomo wangu unasema, Kisanzule naujua, nimefua pale usichana wangu, una mawe meusi. Bi Otilia analamba kidole, anafungua kitabu, anaandika mmoja. Miguu yangu inazama mpaka kwenye kifundo, ardhi ya Kaliua imenishika kama ugali uliopoa. Anamgeukia Milembe. Milembe ananitazama mimi, anautazama mlango, anaitazama kalamu yake, na mbali sana, mwisho wa barabara isiyo na mwisho, kengele ya saa kumi inaanza kulia na kwenye mlango mdogo kama kucha karatasi inapepea. Nampigia kope, sema unaujua, mtoto, maana wote wawili tukiwa na mto huo si utakuwa umekuwepo. Milembe anasema, siujui. Sijawahi kuusikia. Anasema, mama, ungenieleza mwenyewe. Hasemi kwa huzuni wala kwa aibu, anasema jinsi mtu anavyoomba chumvi. Na Bi Otilia anacheka mpaka miwani inakatika uzi, anasimama, anachukua chaki anaandika mlangoni pake mwenyewe kumi, kubwa, mlango mzima. Kimbia, anamwambia, kaniandike.

Milembe anakimbia. Barabara inakunjamana mbele yake kumfupishia safari, miji yote aliyoitoa imesimama kando inampigia vigelegele, Nzega, Urambo, Igunga, na Sikonge yangu inapiga kuliko zote, na marehemu wamesimama juu ya vigoda, hata yule wa usahaulifu anashangilia bila kujua kwa nini, na mimi nimezama pale nimeshikwa. Navuta mguu. Nasema, mama, niachie, ni mjukuu wangu yule. Bi Otilia anaendelea na karanga. Nasema, basi ulikuwa mto mdogo. Nazama mpaka kwenye goti. Kengele inalia. Milembe ameufikia mlango lakini ananitazama mimi, mkono na kalamu hewani, hawezi kuandika kikundi ambacho mtu wake mmoja hayupo, na upepo umeshabandua pembe moja ya karatasi. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nilipolisoma darasa la nne mara ya pili, napaza sauti, sijui, siujui mto huo, hakuna mto, na kufua kwenyewe alikuwa akinifulia dada yangu. Ardhi inaniachia kwa mlio wa busu. Nakimbia, naruka, magoti yangu yanaimba, naifikia ile karatasi kwa kiganja, naibana ukutani isiruke, Milembe anashusha kalamu na kusema, andika, Bibi, anasema andika au anasema amka, maneno yamechanganyika, kiganja changu kimebana kitu kweli lakini si karatasi, ni sikio la paka.

Niko mkekani. Saa ya ukutani inasema tisa na robo. Mbele yangu ni meza ile ile, na Luhende anaongea pale pale nilipomwacha, na Milembe ameshika kalamu ya kawaida juu ya kikaratasi, ameandika nusu ya lile jina refu la yule mzee, mabehewa matatu ya kwanza. Uso wake umefifia kama wa mtu anayekabidhi mzigo wake abebewe. Anasema, Bibi, ulikuwa unakoroma. Nasema nilikuwa nasikiliza. Najikalisha, magoti yanapiga kelele za zamani, natoa tobolwa mdomoni naliangalia, bado zima. Na nimefurahi sijui kwa nini, na sijui ni wapi nimefurahi, huku au kule. Kwa hiyo nauliza, polepole, kizee kabisa, kama mtu asiyejua anachouliza, na yule mama mwingine vipi, Bi Otilia Grumbaki, naye ameshachukuliwa na kikundi kingine?

Tusajigwe anaandika jina. Milembe anakunja uso, anafikiri, anasema, huyo simjui, Bibi. Anasema kwa ile sauti ndogo, na mimi nataka kumkumbatia.

Ah, huyo, anasema Luhende. Huyo nimemsoma.

Wapi, mume wangu?

Kwa mjomba, Mwanza. Ana kitabu kikubwa. Alichunguza tabia za watoto, hasa watoto wa vijijini, na nadharia yake ina hatua tano.

Ulikisoma chote?

Mara mbili, mke mkubwa.

Natafuna kidogo kwanza. Halafu namwambia, mume wangu mpenzi, huyo mama nimemwota sasa hivi. Ametoka humu kichwani mwangu hata dakika tano hazijapita, karanga zake bado nazinusa. Kama ulimsoma Mwanza, basi niambie nauli yake ya kufika huko alilipa nani.

Kalamu ya Tusajigwe inasimama. Ni mara ya kwanza naiona imesimama. Milembe hacheki. Anakitazama kikaratasi chake, anayatazama yale mabehewa matatu, anayakata kwa mstari mmoja, halafu anainua macho na kumwuliza Luhende taratibu, bila ubaya wowote, na huyu mzee wa jina refu, kitabu chake kinaanzaje?

Luhende anakivuta kikaratasi, anakigeuza nyuma kama jibu limeandikwa huko. Najifinya paja. Linauma, lakini hata kule kisigino kiliuma jiwe liliponigonga. Milembe ameshasimama anatafuta viatu vyake, anamwambia Tusajigwe aandike jina fupi, la yule mama wa maktaba, na aandike vizuri, watapita kwa mkufunzi kwanza halafu wakachukue lile tofali, saa kumi bado. Nami nimekaa tu mkekani nikimwangalia Luhende, nikingoja aseme neno ili nijue niko upande gani.

Jalada lake nililiona, anasema mwishowe, akiitazama meza. Kwa nje, Bibi. Lilikuwa dirishani, dukani.